Protini zinazoshikanisha seli za vinzi vya ulanzi: mbona kiinitete hakisambaratiki toka mwanzo?

Mlelwa_Kihesa:
Kamwene wakuu, na shikamooni wakubwa wote humu. Niko mwaka wa tatu biolojia hapa Iringa, nimepewa mada ya semina kuhusu kazi za protini za viunganishi vya seli kwenye ukuaji wa drosofila, hivi vinzi vidogo vyenye macho mekundu vinavyojaa kwenye ndizi zilizoiva na kwenye madumu ya ulanzi. Mengi nimeyaelewa ila kuna sehemu nimekwama kabisa.

Vitabu vinasema protini inayoshika seli na jirani yake inaitwa DE-kadherini na jeni yake ni shotgun. Sasa nimesoma kwamba kiinitete (mdudu anayejengeka ndani ya yai) chenye nakala zote mbili za hiyo jeni zimeharibika kinaanza vizuri tu, seli zinajipanga, gastrulesheni (seli kujikunja kuingia ndani na kuunda matabaka) inapita, halafu baadae sana ndo ngozi ya upande wa tumboni inaanza kutoboka toboka na mirija ya Malpighi, ndo kama figo za mdudu, haijengeki sawasawa, kinakufa kabla ya kuanguliwa. Swali, kama kadherini ndo imeshika seli mbona kisisambaratike mapema? Na kwanini iwe tumboni, mgongoni kunabaki salama?

Mwenzangu tunayekaa nae rumu moja anasema hiyo inaonyesha kadherini sio ya muhimu kihivyo, tena anaongeza kwamba nzi hana desmosomu (vifungo vya kukaza seli na seli), hana taiti jankisheni (kizuizi cha kuziba mwanya kati ya seli) kama zetu, kwahiyo bora mtu asome panya. Sikubaliani nae ila hoja za kumjibu sina. La mwisho, siku ya semina nataka watu waone kitu kwa macho yao sio slaidi tu, maikroskopu za kawaida za wanafunzi zipo. Naombeni msaada wenu.

Sekela_Tukuyu:
Mdogo wangu swali lako zuri sana na jibu lake lipo kwa mama. Yai la drosofila halitoki tupu, mama analijaza RNA na protini za kutosha kabla hajalitaga, na DE-kadherini imo humo. Fikiria ule msalaba wenyewe unavyofanyika, baba ana nakala moja nzima na moja mbovu, mama hivyo hivyo, robo ya watoto ndo wanakosa zote mbili. Lakini mama yao alikuwa na nakala nzima moja, kwahiyo kila yai limebeba akiba, hata yai la mtoto ambae mwenyewe hana jeni. Akiba hiyo ndo inamvusha gastrulesheni. Ulichosoma wewe sio kiinitete kisicho na kadherini, ni kiinitete ambacho kadherini yake inaisha bila kuongezwa nyingine. Hapo ndipo watu wengi wanapitia juu juu, wanaandika "mutanti wa shotgun" yaani mwenye jeni hiyo mbovu, wanaishia hapo, hawasemi ni upande wa mtoto tu au na wa mama pia.

Sasa kwanini tumboni. Upande wa tumbo, pembeni kidogo ya mstari wa katikati, ndiko seli zinazokuja kuwa mfumo wa neva zinachomoka kwenye tabaka na kuzama ndani. Kila moja ikizama, zinazobaki juu zinatakiwa ziachie mshiko wa zamani zishikane upya na jirani mwingine, tena haraka haraka. Hiyo kazi inakula kadherini nyingi. Mgongoni kwa wakati huo hakuna pilikapilika za namna hiyo, kwahiyo kiasi kidogo kilichobaki kinatosha. Na sio kubahatisha, mwaka 1996 kundi la Ulrich Tepass lilijaribu hivi, wakachukua kiinitete kisicho na shotgun wakazuia na zile seli za neva zisichomoke. Ngozi ya tumboni ikabaki nzima! Kadherini ni kidogo vilevile, jeni ni mbovu vilevile, kilichopunguzwa ni mwendo tu. Mirija ya Malpighi nayo ni hivyo hivyo, inarefuka kwa seli kupishana, ndio maana inaumia. Hilo jaribio ningekuwa wewe ningelitengea nusu ya semina nzima.

Mwambie na huyo mwenzako, ukitaka kuona kinachotokea akiba ya mama ikiguswa angalia armadillo, ndo beta-katenini ya nzi, inakaa ndani ya seli chini ya kadherini na kuiunganisha na alfa-katenini mpaka kwenye aktini, zile nyuzi za ndani ya seli. Mwaka huohuo 1996 maabara ya Mark Peifer walitumia armadillo iliyoharibika kwa kiwango ambacho mama bado anaweza kutaga, ila mayai yake hayana mshiko wa maana. Vile viinitete ndo vilisambaratika kama ulivyotarajia, gastrulesheni ikavurugika, seli zikapoteza juu na chini zikaanza kuachana. Kwahiyo kadherini ni muhimu toka mwanzo.

Nyongeza moja kuhusu armadillo, ina kazi mbili, inashikanisha seli na pia inabeba ujumbe wa Wingless, protini ya ishara kati ya seli, kwenda kwenye kiini. Ukiona mutanti wa armadillo ana kasoro usikimbilie kusema seli zimeachana, kasoro zake nyingine zinatokana na ujumbe kutofika. Watakuuliza tu hilo.

Uyole_Maikro:
Dada Sekela kamaliza, ila naongezea kitu kimoja kwa sababu naona mada inaegemea sana kwenye kushika na kinachonivutia mimi ni kuachia.

Kumbuka mwanzo wa yai la nzi hakuna seli kabisa, viini vinagawanyika mara 13 ndani ya yai moja bila kuta, vinafika kama 6,000 kwenye ngozi ya yai, halafu utando unashuka katikati yao na ndani ya saa moja hivi vinakuwa seli zote kwa pamoja. Viunganishi vinaanza kujengwa hapo hapo, na anayeonyesha vikae wapi ni protini nyingine inaitwa Bazooka. Bila Bazooka kadherini ipo lakini haikai juu inapotakiwa.

Baada ya hapo tumbo linajikunja kuingia ndani, na zile seli zilizoingia zinaizima shotgun kwa makusudi kabisa, jeni ya snail ndo inaizima, zinawasha N-kadherini badala yake kisha zinatawanyika kuwa misuli na mengine. Kwahiyo mshiko unavunjwa kwa amri.

Halafu inakuja hatua ya tabaka la mwili kurefuka, hapa ndo pazuri. Mwili unarefuka zaidi ya mara mbili na seli hazijaongezeka kwa kiasi hicho, ni zinapishana tu, kama pale stendi watu wa foleni mbili wanapoambiwa wawe foleni moja, kila mtu anajipenyeza katikati ya wawili wa pembeni na foleni inakuwa ndefu na nyembamba. Mwaka 2004 makundi mawili, la Thomas Lecuit kule Marseille na la Jennifer Zallen na Eric Wieschaus kule Princeton, walionyesha inavyofanyika. Seli ina pande, zile pande zinazotazamana na jirani wa mbele na wa nyuma zinajaa myosini, protini inayovuta na kukaza, pande zinazotazamana na jirani wa upande wa mgongo na wa tumbo zinajaa Bazooka na kadherini. Upande wenye myosini unakazwa, unafupika unafupika mpaka unakuwa nukta, seli nne zinakutana hapo, kisha mpaka mpya unafunguka kwa mwelekeo mwingine na wale waliokuwa mbali sasa ni majirani. Muda wote huo tabaka halitoboki hata kidogo, seli haziachani hata sekunde. Kila nikiiangalia hiyo video sichoki.

Ndio maana mimi huwa sipendi mtu akielezea viunganishi kama vile ni kitu kimesimama tu. Kingekuwa kimesimama kiinitete kingebaki kiduara hicho hicho.

Mwl_Makambako:
Kijana mimi nitamjibu huyo mwenzako wa rumu. Ni kweli nzi hana desmosomu, na hana zile nyuzi za kati (intermediate filaments) za kuimarisha seli kwenye sitoplazimu, anazo za kwenye kiini tu. Akubaliwe hapo. Lakini kizuizi cha kufunga maji na chumvi zisipite katikati ya seli anacho, kinaitwa septeti jankisheni, kwetu kizuizi cha hivyo kipo juu ya mshiko wa kadherini na kwa nzi kipo chini yake. Ndani yake kuna protini za ukoo wa klaudini, ukoo uleule wa zile za kwetu, kwa mfano Sinuous na Megatrachea. Kwahiyo hoja ya kwamba hafanani na sisi haina nguvu.

Na akitaka umuhimu wake aangalie Neurexin IV, protini mojawapo ya kizuizi hicho. Kiinitete kisichokuwa nayo kinafika mwisho lakini hakitikisiki, kimepooza, kwa sababu neva za nzi zimefunikwa na seli zinazozuia damu ya mdudu yenye potasiamu nyingi isizifikie, na kizuizi kikivuja neva haziwezi kupeleka umeme. Binadamu tuna ndugu wa protini hiyo kwenye neva zetu pale mafuta ya mayelini yanapoishia.

Mfano mwingine, mirija ya hewa. Mutanti wengi wa septeti jankisheni mirija yao ya hewa inakuwa mirefu kupita kiasi mpaka inajikunja kunja. Kizuizi na urefu vinahusiana vipi? Ni kwamba seli hizohizo zinatakiwa kumwaga ndani ya mrija protini inaitwa Vermiform inayorekebisha kitini, ile dutu ya ganda la mdudu, na bila septeti jankisheni nzima haimwagwi, kwahiyo kitini haikomai vizuri na mrija haujui pa kusimama kurefuka.

Halafu kuna protini za Discs large, Scribble na Lgl. Zikikosekana, tishu za buu ambazo zingekuwa mbawa na macho zinapoteza mpangilio na kuvimba kama uvimbe wa saratani. Upande wa kadherini napo, mwaka 1998 walikuta familia ya Wamaori kule New Zealand wanaorithi saratani ya tumbo kwa sababu ya jeni iliyoharibika ya E-kadherini, ndo ndugu wa DE-kadherini kwa binadamu. Huyo mwenzako asome panya, hakuna anayemkataza, ila asidharau nzi.

Parachichi_Njombe:
Samahanini wataalam naingilia, mimi ni mkulima, hivi hawa ndo nzi wa matunda wanaotoboa maembe na parachichi? Maana kama mnawafuga huko naomba wasitoroke.

Uyole_Maikro:
Hapana kaka, hao ni ukoo mwingine. Wanaotoboa tunda likiwa bado juu ya mti ni Bactrocera na ndugu zake, wakubwa kama nzi wa kawaida, ndo wanaotegwa kwa dawa ya kuvutia madume. Hivi vya ulanzi ni vidogo kama milimita 3 na vinafuata hamira kwenye tunda lililokwisha iva na kuoza, parachichi yako ikiwa mtini haina shida navyo. Na kwa taarifa ya wengi humu, drosofila huyu ambae dunia nzima inamfuga maabara asili yake ni misitu ya kusini ya katikati ya Afrika, upande wa Zambia na Zimbabwe, majirani zetu kabisa. Mwanajenetiki Thomas Hunt Morgan alivyompata yule wa macho meupe New York mwaka 1910 nzi walishasafiri na matunda siku nyingi.

Mlelwa_Kihesa:
Aisee nimesoma yote na nimeandika, dada Sekela hiyo ya kuzuia mwendo ngozi ikabaki nzima imenifungua kabisa. Sasa nauliza tena, kwanini kwa armadillo waliweza kugusa akiba ya mama na kwa shotgun nasikia ni shida? Si wangetengeneza mama ambae ovari yake haina shotgun kabisa?

Sekela_Tukuyu:
Wakifanya hivyo hawapati yai la maana. Viunganishi vinafanya kazi hata kabla yai halijawa yai. Ndani ya ovari kuna seli mama za uzazi, zimeshikwa na seli za pembeni kwa DE-kadherini hiyo hiyo, ikitolewa zinaachia sehemu yao na kupotea, hilo lilionyeshwa 2002. Kabla ya hapo, 1998, walishaona kitu kizuri zaidi. Kila kifuko kina seli 16 za uzazi, 15 zinalisha na moja ndo inakuwa yai, na lile yai siku zote linakaa nyuma. Linafikaje nyuma? Lenyewe lina kadherini nyingi kuliko wenzake na seli za kifuko zilizoko nyuma nazo zina nyingi, basi wanavutana wakashikana. Toa kadherini upande wowote, yai linakaa popote, katikati au mbele. Na kukaa nyuma ndo mwanzo wa nzi kujua kichwa kiko wapi na mkia uko wapi!

Hivyo hivyo kuna kikundi kidogo cha seli kinaitwa seli za mpakani, kinasafiri katikati ya zile seli 15 kwenda kwenye yai kupitia kushika kadherini za njiani, bila kadherini hakiendi. Ungedhani mshiko unazuia safari, kumbe ndo kinachokanyagwa.

Innexini nazo usizisahau kabisa, ndo njia za seli kupeana vitu, nzi ana jeni 8 za hizo. Moja ikiharibika, Inx4, seli za uzazi zinashindwa kuongea na seli zinazozizunguka na zinakufa zikianza kukomaa, nzi anabaki tasa. Sentensi mbili zinatosha kwenye semina.

Uyole_Maikro:
Mlelwa la kuonyesha kwa macho nakujibu, na unaweza kufanya hukohuko Iringa. Rangi za kadherini huwezi kuziona kwa maikroskopu ya kawaida, ila unaweza kuonyesha ule mwili unarefuka, live.

Kamata nzi kwa chupa yenye ndizi mbivu iliyopondwa na hamira kidogo, mdomo uzibe kwa pamba. Wapo drosofila wa aina nyingi, dume wa melanogaster mwisho wa tumbo ni mweusi na miguu ya mbele ina kama kichana kidogo cheusi. Kwa nyuzi joto 25 yai mpaka nzi ni kama siku 10, kwa nyuzi 18 inakaribia mara mbili yake, kwahiyo baridi ya Iringa ya mwezi wa sita na wa saba itakuchelewesha sana, weka chupa kwenye boksi lenye balbu na kipimajoto, usikisie.

Wakishakuwa wengi wahamishie kwenye chupa yenye kisahani cha agari iliyopikwa na juisi ya zabibu, juu yake paka hamira, watagie saa moja gizani, kisha toa kisahani na subiri kama saa mbili na nusu kwenye nyuzi 25. Mayai utayaona, meupe, nusu milimita, yana vipembe viwili. Yachukue kwa brashi laini, yaweke kwenye jiki iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji kama dakika mbili mpaka vipembe vipotee, hiyo ni gamba la nje limeyeyuka, halafu suuza vizuri sana kwa maji. Weka kwenye tone la maji, tumia lenzi ya mara 10, punguza mwanga kwa kufunga diafragimu mpaka mipaka ionekane.

Sasa tafuta upande wa mkia, kuna seli chache za duara zimejikusanya pale nje, ndo zitakazokuwa za uzazi. Usiondoe jicho hapo. Mwili ukianza kurefuka hauna pa kwenda kwa sababu gamba la ndani limeubana, kwahiyo unajikunja kupanda mgongoni, na vile vi-seli vya duara vinabebwa kutoka mkiani kupanda juu na kwenda kuelekea kichwani. Ndani ya nusu saa hivi safari kubwa imeshafanyika, darasa zima wanaona. Kinachovibeba ni zile seli zinazopishana kwa kuachia na kushika kadherini.

Mlelwa_Kihesa:
Nashukuru sana kaka, na dada Sekela ndaga fijo, mwalimu asante, mwenzangu wa rumu nimemsomea ya Neurexin IV amenyamaza kidogo sasa anataka kuja kusaidia kukamata nzi. Kitu kimoja tu, kama yai nililolichukua limeshapita hiyo hatua nitajuaje?

Uyole_Maikro:
Ukikuta zile seli za duara hazipo tena mkiani na mwili unaonekana umejikunja mara mbili ndani ya yai, limeshapita, liache chukua lingine. Ndio maana nimesema watage saa moja tu, ukiwaacha usiku kucha utapata mayai ya umri wote. Na andaa visahani vitatu vinavyopishana nusu saa nusu saa, semina ikichelewa kuanza bado utakuwa na mayai ya saa hiyo.